Senene wa Tata

Asubuhi moja niliondoka chumbani kwangu Kashai, mjini Bukoba, bila mpango wowote. Nilifunga mlango, nikamwachia jirani ufunguo, nikasimama kando ya barabara nikingoja miguu iamue. Ndivyo nilivyoishi sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimekaanga vitumbua Mwanza, nimewapikia wavuvi kambini Bumbire, nimelea watoto wa watu katika miji ambayo leo siwezi kuikumbuka mitaa yake. Shule niliiacha darasa la tano. Sikuichukia. Ila dirisha la darasa letu lilitazama njia iliyopanda kilima na kupotea, na mwalimu hakuweza kuniambia inaishia wapi.

Siku hiyo miguu ilinipeleka Kaagya, kwenye kibanja chetu, ambako sasa hakuna anayeishi. Migomba imezeeka na mibuni imekuwa mirefu kama miti ya msituni. Kwetu wafu hawapelekwi mbali. Wanalala kibanjani, karibu na nyumba, wasikie watu wakiongea. Nilikuta magugu yamewafunika. Nikaazima jembe kwa jirani, nikaanza kupalilia, na kati ya kaburi la Bibi na kaburi la Mawe, mama yangu, jembe likagonga bati.

Nilijua ni nini kabla sijainama. Nilifukua kwa vidole mpaka ukingo wa kopo ukaonekana, kopo la mafuta ya kupikia la zamani, limeliwa na kutu hata likawa jepesi kama jani kavu. Nikalinusa. Lilinuka udongo, lakini pua yangu haikukubali. Iliniletea moshi, chumvi na mafuta ya senene, nikakaa chini palepale kwenye magugu niliyoyang'oa.

Hilo ndilo kaburi la Tata, baba yangu. Yeye mwenyewe hayumo. Vita na Uganda vilipokwisha, baadhi ya waliopotelewa na watu wao ng'ambo ya mto Kagera walizika shina la mgomba mahali pa mwili, ili machozi yapate pa kwenda. Bibi, mama yake Tata, alikataa. Alisema mwanawe si mgomba, azikiwe kitu kilicho chake. Na kitu kilichokuwa chake, ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kuonja kilichomo, kilikuwa kopo hilo. Nililifukia tena. Halafu nikaikumbuka njia yote tuliyopita nalo.

Tata alifanya kazi kwenye ranchi ya serikali upande wa pili wa mto Kagera, kule nyika inakotambaa mpaka Uganda. Kazi yake ilikuwa josho. Aliwasukuma ng'ombe mmoja mmoja waogelee kwenye dawa ya kupe, na aliporudi nyumbani alinuka dawa hiyo hata baada ya kuoga. Mimi nilidhani ndiyo harufu ya wanaume wote. Alikuja nyumbani mara chache, kwa basi hadi mahali basi lilipokubali kufika, kisha kwa miguu. Lakini kulikuwa na safari moja ambayo hakuikosa hata mwaka mmoja, nayo ilikuwa ya senene.

Wenzangu wa rika langu mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa kabla senene, wale panzi wetu wa kuliwa, hawajawa bidhaa ya kuuzwa stendi kwenye vikombe. Mvua za vuli zinanyesha, halafu asubuhi moja unatoka nje na kukuta nyasi zimebadilika rangi. Wanawake na watoto walikwenda kuokota. Mwanamke mwenye mume aliokota kwa ajili ya mumewe. Aliwanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa chumvi katika mafuta yao wenyewe, akawakausha juu ya moshi, asionje hata mmoja, kwa kuwa wakati huo mwanamke hakula senene. Mume alikula wa kwanza. Na mume aliyekula senene wa mkewe alimletea nguo. Hakuna aliyelazimisha, lakini mwanamume aliyeshindwa kuleta hata kanga moja baada ya senene alichekwa kilabuni mpaka akaacha kwenda.

Mimi niliielewa desturi hiyo kwa namna yangu. Nilichokiona ni kwamba senene walianguka, na siku chache baadaye Tata alitokea njiani, bila barua na bila mtu kumwita. Kwa hiyo niliamini kwamba senene wenyewe ndio waliomwita. Harufu yao ilipaa kutoka jikoni kwetu, ikavuka mto, ikamkuta joshoni. Ilinipasa kukua na kutembea sana ndipo nitambue kwamba senene walianguka ng'ambo pia, na kwamba Tata alipowaona kwenye nyasi za ranchi aliomba ruhusa siku hiyohiyo. Lakini nilipokuwa mtoto sikuwa na shaka. Senene wakiwapo, wakimngoja, atakuja. Wakiliwa na mtu mwingine, atakuja kufuata nini?

Mwaka huo vita vilitangulia senene.

Habari ilikuja kwa redio ya balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Felisiani, mtu mwembamba aliyevaa koti hata juani. Tulijazana uani kwake. Redio ilisema nduli wa Uganda amevuka mpaka na kudai kwamba nchi yote hadi mto ni yake. Mimi mpaka niliouelewa ulikuwa ule wa kibanja chetu, safu ya milamula iliyopandwa na babu ili kila mtu ajue migomba yake inaishia wapi. Niliwahi kuona ugomvi wa mpaka. Jirani yetu alisogeza milamula hatua kadhaa, wazee wakaja, wakaketi, wakanywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakairudisha mahali pake, na jirani akatoa mbuzi. Nikamwuliza Mawe kwa nini wazee hawaendi kukaa na huyo nduli na kurudisha milamula yake. Ta Felisiani alinisikia, akasema, bila kucheka, kwamba wazee wa kumkalisha huyo hawajazaliwa.

Baada ya hapo mambo ya ajabu yalianza kijijini. Watu wenye mabati walipanda juu ya paa na kuyafunika kwa majani ya migomba, nikadhani nyumba zinaona baridi. Nguo nyeupe zilianuliwa na kufichwa. Jioni hakuna taa. Tuliambiwa tusikanyage rweya, yaani lile tambarare la nyasi lililo wazi nje ya vibanja, maana huko hakuna mgomba wa kumficha mtu asionwe na ndege za vita. Na usiku upepo ukitoka kaskazini tulisikia ngurumo isiyokuwa ya mvua. Kisha wakaja watu waliovuka mto, wakipita haraka, wakisema daraja la Kyaka limevunjwa, ng'ombe wamechukuliwa makundi kwa makundi, nyumba zimeng'olewa mpaka milango. Mawe alisimama njiani kila siku akiwauliza wote habari za ranchi. Mmoja alisema watu wa ranchi walikimbilia msituni. Mwingine alisema walibebwa kwenye malori kuelekea Uganda. Wa tatu alimtazama, akatazama chini, akaendelea na safari yake.

Asubuhi iliyofuata senene walianguka.

Nilikuwa wa kwanza kuwaona. Wamelala hata juu ya majani ya maharage mlangoni, kijani na kahawia, wameloa umande. Nikamwamsha Mawe. Alitoka akasimama, akatazama upande wa rweya, ambako tulijua nyasi zimejaa, kisha akaingia ndani na kutoka na vikapu viwili. Bibi alikuwa amekaa kizingitini.

“Wamekataza kwenda rweya,” Bibi alisema.

“Nimesikia, mama.”

“Huyo mtu hajulikani aliko.”

“Ndiyo maana nakwenda, mama. Akija asiseme sikumwokotea.”

Bibi alivua kitenge chake cheusi, akamfunika Mawe mabegani ili rangi ya gauni lake isionekane.

Rweya ilikuwa tupu kama sijawahi kuiona. Miaka mingine siku kama hiyo kungekuwa na wanawake wa kijiji kizima wakiimba na kutaniana kuhusu nguo watakazoletewa. Sasa tulikuwa sisi wawili, tumeinama, hatusemi. Senene wakiwa na umande hawawezi kuruka. Wanashikilia unyasi na kukungoja. Unamchuma kama tunda. Vidole vyangu vilipata mafuta na mikwaruzo, kikapu kilianza kutekenyeka kwa ndani, na furaha ilinipanda hadi nikasahau kuogopa. Nilikuwa nahesabia kichwani rangi za kanga ambayo Tata atamletea Mawe, na kipande atakachonikatia mimi.

Sauti ilitoka upande wa ziwa. Kwanza ilikuwa kama nyuki, halafu ikawa kubwa kuliko anga. Mawe alinisukuma chini kwenye nyasi, akalala juu yangu nusu, kitenge kikatufunika. Kupitia kwenye shina za nyasi nikaona kivuli kinapita juu ya rweya, kwa kasi, kikielekea mjini Bukoba. Karibu na pua yangu senene mmoja alikuwa ameng'ang'ania unyasi, hatikisiki, nami nikaelewa, au nikadhani nimeelewa, kwamba yule aliye juu anaokota kama sisi. Anatafuta wanaotikisika. Nikabana pumzi mpaka masikio yakavuma. Kisha ardhi ikapiga mara moja, mbali, chini ya tumbo langu, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani yake. Ikapiga tena.

Kimya kiliporudi, Mawe aliinuka, akanipapasa kichwa, mikono, miguu. Halafu akafanya jambo ambalo siku zote nimeshindwa kulieleza kwa watu. Aliinama akaendelea kuokota. Aliokota kwa haraka, kwa hasira, mpaka vikapu vikajaa na jua likaanza kuwakausha senene mbawa. Ndipo tukakimbia nyumbani.

Alikaanga mchana huohuo, moto mdogo, moshi ukizuiwa kwa majani. Aliwajaza kwenye kopo la mafuta, akalifunga mdomo kwa jani la mgomba na kamba. Alipomaliza tu, Ta Felisiani akafika akihema, koti limejaa vumbi. Alisema mabomu yameanguka mjini, watu wanatoka, na sisi tuliobaki kaskazini tutoke pia kabla ya kesho kutwa. Mawe akamwuliza tutoke twende wapi.

“Kusini,” alisema. “Nendeni tu kusini.”

Nikamwuliza Kusini ni kwa nani. Aliniwekea mkono kichwani, akaenda nyumba nyingine.

Bibi alikataa kuondoka. Alisema yeye ni mzee, wakimkuta hawatapata cha kuchukua, na zaidi ya hapo mwanawe akija nyumbani lazima akute mtu wa kumpa maji. Mawe alilia, akapiga magoti, akamsihi kwa majina yote ya heshima. Bibi alikuwa akichagua viazi vya kutufungia safarini. Mwishowe alilishika kopo la senene, akalitia mikononi mwa Mawe.

“Hili nenda nalo,” alisema. “Hapa wataliona watakaokuja kabla yake.”

Basi alfajiri tuliondoka. Mawe alibeba kichwani mzigo wa mkeka, sufuria na ndizi, na kopo alilifunga kwa kanga tumboni, mbele, kama wengine wanavyofunga mtoto mgongoni. Mimi nilibeba viazi na jembe fupi. Hatukujua tunakwenda wapi, na nakiri kwamba, pamoja na hofu yote, kuna kitu kidogo ndani yangu kilichochangamka. Ile njia iliyopotea kilimani nilikuwa naipanda.

Mji wa Bukoba tuliupita ukiwa na milango iliyofungwa na mbwa wanaozurura. Tulivuka mto Kanoni, tukaingia kwenye mto mwingine, wa watu. Kulikuwa na mwanamume anayesukuma baiskeli yenye cherehani, wanawake wenye kuku waliofungwa miguu, mtawa aliyemshika mkono kipofu. Hakuna aliyemwuliza mwenzake anakwenda wapi, kwa kuwa swali hilo lilikuwa limeshakuwa kama tusi. Kila sauti kutoka juu, hata ya kunguru, iliwatupa watu wote migombani kando ya njia. Tulilala kwenye darasa la shule moja karibu na Kemondo, juu ya sakafu, na kulipokucha tukaendelea.

Kufikia hapo njaa ilikuwa imeanza kuongea. Ndizi tulizobeba zilibaki chache, viazi tulivila vibichi nusu. Na wakati wote huo kopo lilikuwa mbele ya macho yangu, likipanda na kushuka na hatua za Mawe, likitoa harufu kila jua lilipoliwakia. Si kwamba sikutamani. Watoto walikuwa wakipewa senene wachache, baada ya baba kula. Lakini nilipotamani nilimwona Tata yuko katikati ya mto, anaogelea kuifuata harufu, na mimi nikimtafuna senene wa kwanza anapotea mwelekeo. Nikameza mate.

Mbele ya Muhutwe tulikuta malori ya jeshi yamesimama kandokando ya barabara. Malori yetu. Yalikuwa yanakwenda tulikotoka, na moja lilikuwa limepasuka gurudumu. Askari wameshuka, vijana wa kutoka mikoa ya mbali, wanatafuta kivuli. Wakimbizi walikuwa wakiwapungia mikono na kuwapa ndizi mbivu. Mmoja, kijana mrefu mwenye pengo la meno ya mbele, alinusa hewa akalitazama kopo la Mawe.

“Mama, umebeba nini kinachonukia hivyo?”

Mawe Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Alinisukuma mbele. Mimi nilikuwa nimesoma Kiswahili shuleni na nilikipenda kwa sababu ndicho lugha ya watu wa mbali. Nikamjibu kwamba ni senene. Hakuelewa. Nikamwonyesha kwa vidole jinsi wanavyoruka.

“Panzi!” alipaza sauti kwa wenzake. “Jamani, hawa wanabeba panzi!”

Wakacheka. Mmoja aliyelala chini ya lori alisema tuwagawie, kwa kuwa daraja limevunjwa, na mtu akila panzi wa kutosha ataruka mto bila daraja. Hata Mawe, nilipomfasiria, alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu senene waanguke. Yule mwenye pengo akanyoosha kiganja.

“Nionje mmoja tu, mama.”

Mawe alirudi nyuma hatua moja. Mkono wake ulifunika kopo. Aliniambia kwa Kihaya nimwambie senene hawa wana mwenyewe.

“Mwenyewe ni nani?”

“Tata,” nikasema. “Baba yangu.”

“Yuko wapi baba yako?”

“Ng'ambo ya mto. Kwenye ranchi. Anaogesha ng'ombe.”

Kicheko kilikauka palepale. Aliyekuwa chini ya lori akajiinua kwa kiwiko. Yule kijana akakirudisha kiganja chake taratibu, kama mtu aliyegusa kitu cha moto, kisha akachuchumaa macho yake yalingane na yangu.

“Sisi ndiko tunakokwenda,” alisema. “Anaitwa nani?”

“Domisiani. Wa Kaagya.”

“Domisiani wa Kaagya. Nikimkuta nimwambie mko wapi?”

Nikamgeukia Mawe, nikamwuliza. Mawe alifungua mdomo. Akatazama barabara mbele yetu, ile inayokwenda tu, akasema kwa sauti ya chini kwamba hajui, mwambie hatujui. Nami sikuweza kusema hivyo. Nilimwona Tata akifika, akipewa jibu hilo, akisimama njiapanda na maji ya mto yanamchuruzika. Nyuma ya malori kulikuwa na basi bovu lililoachwa, na juu ya kioo chake kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu. Nikakisoma.

“Muleba,” nikasema. “Mwambie senene wake wako Muleba.”

“Muleba,” kijana alirudia. “Domisiani wa Kaagya, senene wako wako Muleba. Haya.”

Mawe alilielewa neno hilo moja. Alinitazama nikadhani atanipiga. Muleba hatukuwa na ndugu, wala rafiki, wala mtu aliyewahi kula kwetu. Badala ya kunipiga alitoa ndizi moja ya kuchemsha katika zile za mwisho, akampa yule askari kwa mikono miwili. Malori yaliponguruma na kuondoka, alijifunga mzigo wake upya.

“Basi,” alisema, “umeshatupeleka.”

Kuanzia hapo tulikuwa na mahali pa kwenda, na jambo hilo lilikuwa zito kuliko kutokuwa napo. Wengine waliishia njiani, Kamachumu, kwa jamaa au misheni. Mwanamke mmoja alitushauri tubaki naye kanisani, kuna uji. Mawe alikataa, alisema tumeshatuma ujumbe. Miguu yangu ilivimba. Mvua ikatupata kwenye mteremko usio na nyumba, tukatembea ndani yake, Mawe ameinama mbele kulikinga kopo kwa kifua chake, na maji yakimshuka usoni hivi kwamba sikujua yapi ni ya mvua.

Muleba tuliifikia jua likiwa linaelekea magharibi, nguo zimetukaukia mwilini. Sikujua nilitazamia kuona nini. Nilikuta vilima, migomba, mibuni, watu wanaotusalimu kwa lugha yetu kwa lafudhi iliyoinama kidogo. Tulianza kubisha hodi. Nyumba ya kwanza ilikuwa imejaa watu wa Bukoba mpaka uani. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mwanamke alituomba radhi huku akilia, kwa kuwa mtoto wake alikuwa na surua. Kila mlango uliofungwa nilimsikia Mawe akivuta pumzi, nami nilijua anachowaza, maana nilikuwa nakiwaza pia. Mahali hapa nilipachagua mimi.

Nyumba ya mwisho kwenye njia hiyo ilikuwa ya Ta Lauriani, mzee mwenye jicho moja lililofunikwa na ukungu, na mkewe Ma Adela, mnene, mwenye sauti nene. Walikuwa wamekaa barazani wakichambua kahawa. Mawe alipiga magoti, akasalimu, akasema tumetoka Kaagya. Mzee aliitikia kwa upole lakini hakusema karibuni. Ndani nilisikia watoto wa watu wengine. Ma Adela alisema chumba kilichobaki kina magunia ya kahawa, na kahawa hiyo hawana pa kuiweka.

Hapo ndipo Mawe alipofungua kanga tumboni. Nilimwona akilegeza kile kifundo ambacho hakikulegezwa tangu Kaagya, na nikaelewa anataka kufanya nini. Kwetu mgeni haingii mikono mitupu. Hatukuwa na kitu kingine. Alilishika kopo kwa mikono miwili, akalisogeza mbele ya miguu ya mzee.

“Waitu, mzee wetu, pokea,” alisema. “Ni senene.”

Nilitaka kulinyakua. Mzee alivuta kamba, akainua jani. Harufu ikatoka yote kwa pamoja, mafuta na chumvi na moshi wa jiko letu, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke niliona nyumbani. Alichovya vidole. Akainua senene mmoja mbele ya jicho lake zima, akamgeuza. Walikuwa wamenyonyolewa vizuri, mbawa zote zimetoka, miguu yote imetoka. Mtu aliyelelewa kwetu anaijua kazi ya mwanamke anayeokotea mumewe.

“Mwenye senene hawa yuko wapi?” aliuliza.

Mawe aliinamisha kichwa. Nilingoja aseme, kwa kuwa safari nzima alikuwa hajasema neno hilo wala lile, hajasema yuko wala hayuko. Niliona kwamba akikawia zaidi, ule ukimya wenyewe utakuwa jibu.

“Yuko ng'ambo ya mto, waitu,” alisema mwishowe. “Hajavuka bado.”

Ta Lauriani alimrudisha senene ndani ya kopo. Alimrudisha polepole, akamlaza juu ya wenzake. Akakunja jani, akafunga kamba, akakaza kifundo zaidi ya kilivyokuwa.

“Siwezi kula senene wa mtu aliye hai,” alisema.

Aliinuka akaingia jikoni, nami nikamfuata hadi mlangoni kuhakikisha. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa fito, mweusi kwa moshi. Alilitundika kopo hapo, katikati, mahali ambapo mtu akiingia ni lazima alione. Kisha akachukua kahawa za kutafuna kutoka kwenye kijikapu chake, akampa Mawe chache kiganjani, na huko ndiko kukaribishwa.

Ma Adela alikuwa ameshaanza kuvuta magunia. Aliyapanga ukutani moja juu ya jingine, akatandika nyasi kavu, akatuonyesha pa kulala, harufu ya kahawa imejaa hata kwenye kuta. Aliporudi uani alileta mkungu mzima wa ndizi na kisu cha kumenyea, akaviweka mbele ya Mawe. Mgeni hapewi kisu kwetu. Anayepewa kisu ni mtu wa nyumba.

“Menya,” alisema Ma Adela. “Tuko wengi leo.” Akatazama jikoni, kwenye uchaga. “Na yule wa ng'ambo atafika na njaa. Mmenyee na yeye.”

Mawe alikaa chini. Alikishika kisu, akaanza na ndizi ndogo, za watoto, kisha za wazee. Zilipotosha akasita, akautazama mkungu, akachagua zile nne zilizokuwa kubwa kuliko zote. Akazimenya taratibu, akazipanga pembeni ya sufuria, mbali na nyingine.